Mwanangu, Usiondoe Usichokisoma

Mwanangu, umeniuliza swali fupi na najua ulitaka jibu fupi: mstari upi unaozima vile vichujio vya API ambavyo WordPress huja navyo. Mstari huo upo, nami sitakunyima. Lakini nisikilize kwanza, maana wengi waliokutangulia walichukua mstari wakaenda zao, na miezi michache baadaye nikaitwa mimi, usiku, kutafuta kwa nini tovuti ya shule haihifadhi tangazo, au kwa nini fomu ya mkopo ya chama cha akiba inazunguka tu bila kufika popote. Kuitwa usiku kumenichosha. Kufundisha bado nakuweza, kwa hiyo leo tukae na jambo hili mpaka likuingie.

WordPress ilitoka Mei 2003, kazi ya Matt Mullenweg na Mike Little, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaendeshwa nayo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja: mtu anafungua kivinjari, seva inampa ukurasa uliokamilika. API iliongezwa ili programu nyingine nazo ziweze kuzungumza na tovuti bila kupitia ukurasa. Programu ya simu inaomba habari kumi za mwisho, seva inazitoa kwa JSON, yaani data tupu isiyo na mapambo. Msingi wake uliingizwa ndani ya WordPress katika toleo la 4.4, Desemba 2015, na anwani zenyewe za machapisho, kurasa, maoni na watumiaji zikaja na toleo la 4.7, Desemba 2016. Tangu hapo, ukiandika /wp-json/ baada ya jina la tovuti yako, tovuti inajibu. Vijana wengi huligundua hilo kwa bahati, wakashtuka, na kabla hata hawajasoma jibu lenyewe wameshaanza kutafuta namna ya kulifunga.

Sasa kichujio. Kwa desturi ya WordPress, kichujio ni fanksheni inayokabidhiwa kitu, ikakigusa au ikakiacha, kisha ikakirudisha. Hiyo ya kukirudisha ishike, nitakuja kuirudia. Utaratibu huu wa kujipachika kwenye mfumo ulianza na toleo la 1.2, mwaka 2004, na ndio uliomwezesha mtu wa Tanga au Kisumu kubadili tabia ya tovuti bila kugusa hata faili moja la asili. Ni neema kubwa. Lakini inampa kila mtu uwezo wa kuondoa alichowekewa na waliomtangulia, awe amekielewa au hajakielewa.

Fungua faili la wp-includes/rest-api.php, utafute fanksheni inayoitwa rest_api_default_filters. Ni fupi, utaimaliza chai yako haijapoa. Walioiandika wameeleza juu yake kwamba wameipachika kwenye tukio la rest_api_init ili iwe rahisi kuvipima vichujio hivyo na kuvizima. Umeona heshima hiyo, mwanangu? Wangeweza kuvificha ndani kabisa mahali ambapo mkono wako haufiki. Badala yake wakaviweka mbele, wakakuamini kwamba utajua unachofanya. Ndiyo maana nakasirika kidogo, nisamehe, ninapomsikia kijana anawaita wazembe watu hao kwa sababu ya kitu ambacho hajakisoma. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Mstari uliouomba ni huu: remove_action( 'rest_api_init', 'rest_api_default_filters', 10 ). Unafuta kundi zima kwa pigo moja. Nakuomba usiutumie, na nitakueleza kinachoondoka ukiutumia, kimoja kimoja.

Kinachoondoka kwanza ni utunzaji wa maonyo. Tovuti inapohudumia ombi la API, onyo la fanksheni iliyostaafu, au la fanksheni iliyoitwa isivyo, halimwagwi katikati ya jibu. Linahamishiwa kwenye heda, kwa majina kama X-WP-DeprecatedFunction na X-WP-DoingItWrong, na hata huko huonekana pale tu WP_DEBUG ikiwa imewashwa. Sababu ni kwamba JSON haivumilii neno la ziada. Onyo moja la PHP likitangulia bano la kwanza, programu ya simu inashindwa kusoma jibu zima, na mtumiaji anaona skrini nyeupe. Nimewahi kumsikia fundi akisema vichujio hivi vinaficha makosa. Haviyafichi. Vinayapeleka mahali ambapo fundi anayetafuta atayaona, bila kumwangushia mzigo msomaji.

Kipo kinachotuma heda ya Allow. Hiyo humwambia mwombaji ni mbinu zipi anaruhusiwa kutumia kwenye anwani hiyo, kulingana na yeye ni nani. Ukidhani ni pambo, kumbuka kihariri cha vitalu, kile kilichokuja na toleo la 5.0 mwishoni mwa 2018. Kihariri hicho hufanya karibu kazi zake zote kwa kupitia API, na huitegemea heda hii kujua kama aliyeketi mbele yake anaruhusiwa kuunda au kufuta. Ikikosekana, vitufe vinapotea kwa mtu mwenye haki navyo, naye atakwambia amenyimwa ruhusa, wakati hakuna aliyemnyima. Utazitafuta ruhusa hizo kwenye hifadhidata usiku kucha na hutaona kasoro.

Kipo kinachojibu maombi ya OPTIONS. Kivinjari, kabla ya kutuma ombi zito kutoka tovuti moja kwenda nyingine, hutanguliza ombi la kuuliza kama kunaruhusiwa. Ukiondoa mjibuji huyu, swali linaangukia kwenye kosa la 404, na ombi lenyewe halitumwi kamwe. Kipo pia kinachotangaza kwenye ukurasa wa mwanzo wa API kwamba tovuti inapokea nywila za programu, zile zilizokuja na toleo la 5.6 mwaka 2020. Kwa hicho sina mengi ya kusema, kiache.

Halafu kipo rest_filter_response_fields, na hapa nitakaa kidogo, maana hiki nakipenda. Chapisho moja, likiombwa bila masharti, hurudi na kila kitu: maudhui yote, muhtasari, vitambulisho vya picha na kategoria, na mlolongo mrefu wa viungo vya ndani. Programu inayotaka vichwa vya habari tu haina haja hata na robo ya mzigo huo. Kwa hiyo inaruhusiwa kuongeza ?_fields=id,date,title kwenye ombi, na kichujio hiki kinakata yote mengine. Tangu toleo la 5.3, mwaka 2019, inaweza kuomba hata kipande cha ndani, kama title.rendered. Kweli, anwani za asili za WordPress siku hizi hujizuia zenyewe kutayarisha kisichoombwa, lakini anwani utakayoitengeneza wewe mwenyewe, ya ratiba za mitihani au bei za mazao, haina huruma hiyo mpaka kichujio kiipitie mwishoni. Mfikirie mzazi wa Sumbawanga aliyenunua bando la siku ili aone kama shule imefunguliwa. Kila kilobaiti usiyomtumia ni pesa inayobaki mfukoni mwake. Fundi anayekifuta kichujio hiki kwa sababu tu kilikuwa kwenye kundi na vingine amemtoza mtu huyo bila kumwambia.

Nimekiacha cha CORS mwisho kwa sababu ndicho kinachowatisha wengi, na bila shaka ndicho kilichokuleta kwangu.

Kivinjari kina sheria yake: msimbo uliotoka tovuti moja hausomi jibu la tovuti nyingine mpaka hiyo nyingine itoe idhini kwenye heda, na utaratibu wa idhini hiyo ndio CORS. Kichujio rest_send_cors_headers hutoa idhini hiyo kwa yeyote anayeomba. Hulisoma jina la tovuti lililotumwa kwenye heda ya Origin, hulirudisha lile lile kwenye Access-Control-Allow-Origin, huongeza Access-Control-Allow-Credentials yenye thamani ya true, na hutaja mbinu zote, kuanzia GET hadi DELETE. Kijana akiona hivyo anapiga kelele: mlango uko wazi kwa dunia nzima! Nakuelewa. Hata mimi ningekuwa naiona leo kwa mara ya kwanza ningeuliza.

Lakini soma na upande wa pili. Ombi likija na vidakuzi vya mtu aliyeingia kwenye tovuti, vidakuzi peke yake havitoshi. Lazima lije na tokeni ya usalama, kwa kawaida kwenye heda ya X-WP-Nonce, tokeni ambayo tovuti ya kigeni haina namna ya kawaida ya kuipata. Tokeni isipokuwepo, WordPress haimtupi nje mwombaji. Inamgeuza kuwa mgeni asiye na jina, mtumiaji namba sifuri, na kumpa kile tu ambacho mgeni yeyote angekipata kwa kufungua tovuti. Tokeni ikiwa mbovu, inakataa kwa 403. Kwa hiyo idhini ile pana ya CORS inatolewa juu ya vitu ambavyo tayari ni vya hadhara. Mlinzi yuko kwingine. Waliotengeneza wanalijua hilo, na wamelieleza wazi katika mwongozo wao kwa sababu swali lako waliulizwa zamani.

Je, kuna siku ya kukiondoa kichujio hicho? Ipo. Nitakupa mfano mmoja wa kweli wa kazi yetu: tovuti ya ndani ya ofisi, isiyofikika kutoka nje, ambayo kila aliye kwenye mtandao wa ofisi anaisoma bila kuingia kwa nywila. Hapo, kuwa ndani ya jengo ndiyo ruhusa. Mfanyakazi akifungua tovuti ya kigeni kwenye kompyuta hiyo hiyo, msimbo wa tovuti ile unaweza kumtumia yeye kama daraja, ukaiuliza API ya ndani, na heda za CORS zikauambia karibu. Kwenye mazingira hayo idhini ya dunia nzima haifai, na kuibana ni wajibu wako.

Ukifikia hapo, fanya kwa utaratibu. Vichujio vile huongezwa wakati tukio la rest_api_init linapotokea, kwa kipaumbele cha 10. Ukiweka remove_filter( 'rest_pre_serve_request', 'rest_send_cors_headers' ) juu kabisa ya faili lako, msimbo wako utatekelezwa mapema mno. Huwezi kumtoa mgeni ambaye hajaingia. WordPress haitalalamika, fanksheni itarudisha false kimya kimya, wewe utaamini umeondoa, na kichujio kitaongezwa baadaye kama kawaida. Jipachike kwenye rest_api_init kwa kipaumbele cha 15, ndipo uondoe. Na kipaumbele cha kichujio unachokiondoa kilingane na kile kilichotumika kukiongeza, la sivyo hakitaondoka. Soma thamani inayorudi. Ikiwa false, simama hapo hapo.

Kisha weka chako mahali pake: orodha ya majina ya tovuti unazozikubali, na idhini itolewe kwa hizo tu. Usisahau heda ya Vary yenye thamani ya Origin, kwa sababu kache iliyo mbele ya seva inaweza kuhifadhi jibu lililoandikwa kwa tovuti moja ikampa mwingine, nawe ukahangaika na tatizo linalotokea Jumatatu na kupotea Jumanne. Na sasa ile niliyokwambia uishike: rudisha ulichokabidhiwa. Kichujio cha rest_pre_serve_request hukabidhiwa thamani inayosema kama jibu limeshatumwa. Ukirudisha true kwa kudhani unasema mambo yako sawa, WordPress inaelewa kwamba umeshamhudumia mwombaji wewe mwenyewe, inanyamaza, na mwombaji anapata jibu tupu lenye msimbo wa 200. Hakuna kosa kwenye kumbukumbu za seva. Hakuna chochote. Hizo ndizo hitilafu zinazonizeesha.

Neno hilo hilo true lina madhara makubwa zaidi mahali pengine, nami naomba uisome aya hii mara mbili. Kuna kichujio kinachoitwa rest_authentication_errors, ambacho ndicho mahali halali pa kubana nani aingie kwenye API. Kina majibu matatu. Null maana yake hakuna aliyekagua bado. Kosa la WP_Error maana yake amekaguliwa akakataliwa. True maana yake amekaguliwa na amepita, asikaguliwe tena. Ukaguzi wa tokeni niliokueleza, ule unaowalinda watumiaji wako, umepachikwa hapo hapo kwa kipaumbele cha 100. Nao, ukikuta jibu lililotangulia si tupu, huondoka bila kukagua. Sasa nenda kasome faili la tovuti ya shule ulilonitumia jana. Umeandika: kama mtumiaji ameingia, rudisha true, kama hajaingia, rudisha kosa. Kwa Kiswahili inasikika vizuri sana. Kwa WordPress umesema hivi: kila mwenye kidakuzi halali apite, tokeni isiulizwe. Mwalimu mkuu akiwa ameingia kwenye tovuti ya shule kwenye dirisha moja, na kwenye dirisha jingine akafungua ukurasa wa mtu mwenye nia mbaya, ukurasa ule unaweza kujaribu kutuma maombi kwa jina lake, na heda za CORS ambazo hukuziondoa zitauruhusu kusoma majibu. Vivinjari vya siku hizi huzuia baadhi ya vidakuzi vinavyotumwa kutoka tovuti ya kigeni, lakini usijenge ulinzi wa watu juu ya hisani ya kivinjari.

Dawa yake ni ndogo. Ukikabidhiwa jibu ambalo tayari ni true au ni kosa, lirudishe kama lilivyo. Kama mtu hajaingia na unataka kumzuia, rudisha WP_Error yenye hadhi ya 401. Kwa wengine wote, rudisha $result uliyokabidhiwa, uwaachie walio nyuma yako wafanye kazi yao. Ulitaka kubana, mwanangu, na kwa neno moja ukalegeza. Sikulaumu; wengi wameandika hivyo hivyo, na msimbo wa namna hiyo hunakiliwa kutoka mkono hadi mkono bila mtu kuusoma.

Ukinakili, tazama na umri wa unachonakili. Bado nakuta kwenye tovuti zetu mstari wa rest_enabled unaorudisha false, mwenyewe akiwa na amani kwamba amezima API. Kichujio hicho kilistaafishwa katika toleo la 4.7. Bado kinaitwa, kwa adabu, lakini thamani unayorudisha haitumiki popote. API haizimiki tena kabisa, inabanwa tu. Mwenye tovuti hiyo amelala akijua amefunga, na hajafunga chochote tangu 2016.

Labda utaniuliza, basi hatari iko wapi kama haiko kwenye CORS? Nikukumbushe Januari 2017. Matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1 yalikuwa na ufa kwenye anwani ya kuhariri machapisho. Mtafiti wa kampuni ya Sucuri, Marc-Alexandre Montpas, aliugundua. Anwani ilitaka namba ya chapisho, lakini mtu aliweza kupitisha namba iliyobandikwa herufi, mfano wa 123ABC, kwa njia ya pembeni. Mkaguzi wa ruhusa alitafuta chapisho lenye kitambulisho hicho, hakuliona, na kwa kuwa hakuliona hakuwa na cha kukataza, akaruhusu. Hatua iliyofuata ikaigeuza 123ABC kuwa 123, ikalihariri chapisho la mtu. Bila kuingia. Bila nywila. Marekebisho yalitoka na toleo la 4.7.2 tarehe 26 Januari, na habari kamili ikatangazwa tarehe 1 Februari ili tovuti zipate muda wa kujisasisha. Zilizokuwa zimewasha masasisho ya kiotomatiki zilipona. Zilizobaki zilivamiwa: kurasa zaidi ya milioni moja ziliandikwa upya na wadukuzi ndani ya wiki chache.

Wale wadukuzi hawakutumia kivinjari. Walitumia programu zao, na programu hazijui CORS ni nini. Fundi aliyekuwa amefuta vichujio vyote vya msingi lakini akazima masasisho kwa kuogopa mandhari yake itavunjika, alivamiwa pamoja na wenzake. Kilichoshindwa siku ile kilikuwa ukaguzi wa ruhusa ndani ya anwani yenyewe. Kwa hiyo, unapotengeneza anwani yako kwa register_rest_route, tumia muda wako kwenye permission_callback. Uliza hapo: huyu ni nani, anaruhusiwa nini, na kitu anachokigusa kipo kweli? Kisipokuwepo, kataa. Usiweke __return_true kwa sababu onyo lilikuwa linakusumbua.

Kuna jambo la majina ya watumiaji, ambalo huleta hofu ya haki. Ukifungua /wp-json/wp/v2/users kwenye tovuti nyingi bila kuingia, utaona walioandika machapisho: jina, picha, na jina fupi la kwenye kiungo, ambalo mara nyingi ndilo jina lao la kuingilia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na mwalimu aliyeandika tangazo la sare hakuomba kujulikana na dunia. Hapa ninakuunga mkono: kwa mgeni, iondoe anwani hiyo kwa kichujio cha rest_endpoints. Nasema kwa mgeni, maana ukiiondoa kwa wote, mhariri hataweza kuchagua mwandishi wa makala ndani ya kihariri. Na ukishaiondoa, kumbuka majina hayo hayo yanatoka pia kwenye ramani ya tovuti ya watumiaji iliyokuja na toleo la 5.5, kwenye kurasa za waandishi, na kwenye mlisho wa habari. Tembelea zote. Kisha wape watu nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu jina la mtu litajulikana tu kwa njia moja au nyingine.

Mahali pa kuweka kazi hii pia pana maana. Usiiweke kwenye functions.php ya mandhari. Siku mwenye tovuti atakapobadili mandhari kwa ajili ya sikukuu, ulinzi wako utaondoka na rangi za zamani. Tengeneza folda ya mu-plugins ndani ya wp-content, uweke faili moja humo. WordPress hulipakia yenyewe kila mara, na hakuna atakayelizima kwa kubofya kimakosa. Fanksheni zako zipe majina, tena majina marefu yanayoeleweka. Ukitumia fanksheni isiyo na jina, atakayekuja baada yako hataweza kuiondoa kwa njia ya kawaida, na wewe mwenyewe umeona leo thamani ya kuachiwa kitu kinachoondoleka. Juu ya kila kichujio ulichoondoa andika kwa Kiswahili sababu, tarehe, toleo la WordPress, na ni nini kimechukua kazi yake. Pasipo na cha kuandika kwenye hiyo ya mwisho, rudisha kichujio.

Kabla hujapeleka kwenye seva ya shule, pima kwenye nakala. Tuma ombi kwa curl ukijifanya tovuti ya kigeni, kwa heda ya Origin: https://example.com, uone seva inajibu nini. Tuma lenye kidakuzi bila tokeni kwenye /wp-json/wp/v2/users/me; likikupa jina lako badala ya 401, umeuvunja ukaguzi wa tokeni. Ingia kama mhariri, siyo kama msimamizi, uandike chapisho, ulihifadhi, ulifute. Jaza fomu ya mawasiliano. Programu-jalizi nyingi za fomu, Contact Form 7 ikiwemo, hupitia API hii hii. Fungua ukurasa wa Afya ya Tovuti, nao utakwambia kama API inajibu.

Anza na ule mstari wa true, leo, kabla ya kitu kingine. Ya CORS tutayaangalia kesho ukishaniletea majina ya tovuti ambazo shule inazitumia kweli, na kama hakuna hata moja, hatutagusa kitu hapo. Anwani ya watumiaji ifanye mwenyewe, unaiweza. Ukikwama nipigie mchana.